Majibu ya Damu ya Kashata

Khanga ya marehemu mama yangu ilikaa Kigombe miezi kumi, nyumbani kwa Bi Sabiha, kama rehani ya damu ya paka.

Niliiacha mwenyewe. Siku ile, mwezi wa Desemba, tulikuwa wawili, mimi na dada Bertha, tumebeba boksi la barafu na fomu, tunapita nyumba kwa nyumba kuomba damu ya paka na mbwa. Kliniki ya mifugo tuliyofanyia kazi mjini Tanga ilikuwa imepata mradi wa utafiti. Walitaka kujua ni paka na mbwa wangapi wa pwani hii wana bakteria waitwao Bartonella. Viroboto ndio huwaeneza, na mtu anaweza kuwapata akikwaruzwa na paka mwenye viroboto. Bertha alikuwa mtaalamu wa maabara. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika.

Kushika si kazi ndogo. Paka akishikwa vibaya damu haitoki, au inatoka ya mshikaji. Mimi namzungusha kwenye khanga kama mtoto mchanga, natoa mguu mmoja wa mbele, naweka mdomo wangu karibu na sikio lake na sisemi kitu. Bertha ananyoa manyoya kidogo, anapangusa ngozi kwa spiriti mara tatu ili wadudu wa ngozi wasiingie kwenye damu, ndipo anachoma. Kila mnyama alitoa vichupa viwili. Cha kifuniko chekundu kilikuwa cha kuangalia kama mwili wake umewahi kupigana na bakteria hao. Cha zambarau kilikuwa cha kutafuta kama bado wamo. Namba za vichupa niliandika mimi. K ilikuwa ya Kigombe, M ya Muheza, P ya Pangani. Shule niliiacha darasa la tano, baba alipougua huko kambi ya mkonge, lakini namba zangu ni nzuri. Bertha mwenyewe alisema ni nzuri kuliko zake.

Bi Sabiha tulimkuta uani anakaanga samaki wa kuuza, na paka wake wa rangi ya sukari iliyoungua amelala juu ya gunia la mkaa.

"Damu?" alisema. "Damu ya Kashata mnaipeleka wapi?"

"Maabara, mama," Bertha alijibu.

"Na ikitoka maabara inakwenda kwa mganga gani?"

Bertha akaanza kumweleza kuhusu utafiti na afya ya jamii. Bi Sabiha alimsikiliza huku anageuza samaki, kisha akamnyooshea upawa.

"Wewe msomi pumzika kidogo. Nitasema na huyu anayetazama vidole vya miguu. Unaitwa nani, mwanangu?"

"Ruthi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, Ruthi. Majibu nitayapata?"

Nilimtazama Bertha. Aliitikia kwa kichwa.

"Utayapata, bibi."

"Atayaleta nani?"

"Mimi."

"Basi weka kitu."

Pale mtaani kwao ndivyo wanavyofanya. Ukiazima sufuria unaacha kitu chako, na mwenye sufuria hakuulizi tena. Sikuwa na kitu ila khanga niliyotaka kumfungia Kashata. Ilikuwa ya mama, imefifia mpaka maneno yake hayasomeki. Bi Sabiha aliishika akaitazama, akaona jinsi nilivyoitazama mimi, akasema, "Hii hii. Paka mfunge kwa ya kwangu."

Kashata akawa K-41.

Damu ya paka mmoja huchukuliwa mara tatu ndani ya wiki, kwa sababu bakteria hawa wana tabia ya kujificha. Leo wamo kwenye damu, keshokutwa hawaonekani, na ukipima mara moja tu unaweza kusema paka ni mzima kumbe siyo. Kwa hiyo tulirudi Jumatano, tukarudi Ijumaa. Siku ya tatu, Bertha alipokuwa nyumba ya jirani, Samiha aliniita ndani. Samiha ni binti wa Bi Sabiha, amenizidi miaka michache, na wakati ule alikuwa amechumbiwa na kijana wa Pangani, Idarusi. Harusi ilipangwa baada ya Ramadhani. Alifunga mlango, akashusha bega la gauni.

"Nakuonyesha wewe kwa sababu huna maneno," alisema. "Mama hajui."

Kwenye mkono wake kulikuwa na alama za kucha za Kashata, zimekauka. Kwapani kulikuwa na uvimbe, mdogo kama kokwa ya ubuyu.

"Unauma?"

"Nikichota maji. Na jioni napata homa."

Nilimwambia Bertha palepale tulipotoka. Alisimama njiani akafikiri. "Tukipata majibu ya yule paka, aende nayo hospitali," alisema. "Hayatathibitisha chochote juu yake yeye, lakini daktari atajua pa kuanzia kutafuta. Vizuri umeniambia."

Aliposema vizuri, mimi nilifurahi siku nzima. Lazima niseme hivyo, maana bila hilo hayaeleweki yaliyofuata. Bertha ndiye aliyenitoa kwenye kuosha vizimba. Ndiye aliyenipa nusu ya chumba chake, mtaa wa Chumbageni, na chandarua chake. Jioni moja aliniuliza nasainije, nikamwambia naandika jina langu lote, polepole. Alicheka, lakini si vibaya. Alichukua kalamu akanionyesha: R kubwa, mstari unaopanda, halafu mkia unaorudi chini yake. "Hiyo ndiyo sahihi ya mtu mzima," alisema. Niliifanya juu ya meza kwa kidole chenye maji, nikaifanya kwenye vumbi la dirisha, mpaka mkono ukaijua wenyewe.

Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili, wa tatu.

"Dada, majibu ya Kigombe?"

"Bado. Wale wadudu wanakua polepole, Ruthi. Wanalishwa maabara kwa wiki nyingi ndipo waonekane."

Hilo lilikuwa kweli. Nilimsikia Daktari Anold, mkuu wa mradi, akiwaambia wageni maneno hayohayo. Kwa hiyo sikuuliza tena mpaka mwezi ulipoisha, nikauliza, nikajibiwa vilevile.

Bi Sabiha alikuwa akinipigia. Mwanzoni alikuja na mzaha. "Ruthi, khanga yako inaliwa na mende." Au, "Kashata anauliza, amefaulu au amefeli?" Baadaye mzaha ukapungua. Uvimbe wa Samiha ulikuwa umefika ukubwa wa ndimu na hakuweza tena kuuficha. Hospitali walimkata wakatoa usaha, ukarudi. Walipima hiki na kile, hawakupata, wakamwanzishia dawa za kifua kikuu cha tezi. Dawa zilimfanya atapike. Alikonda. Nguo alizoshonewa kwa ajili ya harusi zikawa za mtu mwingine. Ramadhani ikaisha, wazee wa Idarusi wakamtuma mshenga kusema harusi isubiri kidogo. Kigombe nzima ilijua wanasubiri nini. Walikuwa wakihesabu mifupa yake na kusema kwa sauti ya chini kwamba ni ugonjwa ule.

"Alipimwa ugonjwa ule mara mbili, hana," Bi Sabiha aliniambia kwenye simu. "Lakini nitabandika cheti mlangoni? Majibu ya paka bado?"

"Bado, bibi. Wanakua polepole."

Nilimjibu hivyo mwezi wa tano, na wa sita, na wa nane. Kwa mdomo wangu.

Mwezi wa tisa tuliambiwa wageni wa mradi wanakuja kuanza awamu ya pili, nikapewa stoo niisafishe. Kwenye rafu ya chini kulikuwa na faili la bluu limebanwa na gunia la chakula cha mbwa. Panya walikuwa wameanza kona yake. Nililifungua nione kama wamefika ndani.

Karatasi za juu zilikuwa za Kiingereza, na maneno yake sikuyajua. Namba nilizijua. K-1, K-2, K-3, zinashuka kwa mstari. Nilishuka nazo kwa kidole mpaka K-41. Mbele yake palikuwa na alama mbili za kujumlisha, moja chini ya kichwa kilichopakwa rangi nyekundu, moja chini ya zambarau. Juu kabisa ya ukurasa palikuwa na tarehe: kumi na nne, mwezi wa pili.

Nilikaa juu ya gunia.

Nyuma ya karatasi hizo palikuwa na fomu ya Kiswahili, kurasa nane. Hiyo niliisoma neno kwa neno, kidole chini ya kila neno. MAJIBU YAMEKABIDHIWA KWA MWENYE MNYAMA. Halafu namba ya mnyama, tarehe ya mwezi wa tatu, na safu ya mwisho: SAHIHI YA ALIYEKABIDHI. Kwenye kila mstari, mnyama kwa mnyama, Kigombe yote, Muheza yote, Pangani yote, kulikuwa na R kubwa, mstari unaopanda, na mkia unaorudi chini yake.

Niliikumbuka siku yenyewe. Bertha aliniletea karatasi hizo nikiwa namwogesha mbwa, akasema, "Weka sahihi kila mstari, ni kuonyesha kwamba wewe ndiye uliyeshika." Juu ya karatasi palikuwa na maneno. Sikuyasoma. Mtu anayesoma polepole haanzi kusoma mbele ya mtu aliyesimama na kalamu. Na tena alikuwa Bertha. Nilifuta povu mikononi nikaziandika sahihi zote, na nilikuwa najitahidi mikia ifanane.

Nilimkuta maabara anakula chapati, miguu juu ya kiti kingine.

"Dada, K-41 ni Kashata."

"Kashata gani?"

"Wa Kigombe. Wa Bi Sabiha."

Hapo aliiona karatasi mkononi mwangu. Alishusha miguu. "Umeitoa wapi hiyo? Irudishe."

"Ina tarehe ya mwezi wa pili."

"Ruthi, kaa."

Sikukaa.

"Nisikilize," alisema, kwa sauti ileile aliyonifundishia. "Wale watu ukiwaambia paka wenu wana wadudu, watafanya nini? Watawatia kwenye magunia wawatupe baharini. Halafu awamu ya pili tupime nani, kuku?"

"Daktari alisema tusiwaambie?"

Alikata kipande cha chapati lakini hakukila. "Daktari alisema majibu yarudishwe. Gari lilikuwa bovu, ripoti ilitakiwa kabla ya mwezi wa tatu kwisha. Nikamwambia umeshayarudisha wewe."

"Mimi."

"Watu wanakupenda. Nani angebisha?"

"Lakini nilikwambia habari za Samiha. Njiani pale, ulisimama ukafikiri."

Alinitazama kama anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe. Kisha akasema, "Nilisahau."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

"Na hata hivyo," akaendelea haraka, "paka kuwa nao si ushahidi kwamba yeye anao. Paka wengi wanao na wala hawaumwi."

"Ulisema daktari angejua pa kuanzia."

"Ehe! Leo umejua kusema! Kesho utanifundisha kuchoma sindano." Alinyoosha mkono. "Lete hizo karatasi. Na usiwe mjinga ukaenda kwa Daktari Anold. Utamwambia nini? Sahihi ni yako, Ruthi. Yangu haipo hata moja."

Nilitazama mkono wake. Ulikuwa na mafuta ya chapati. Niliikunja karatasi ya K-41 mara nne, nikaitia kifuani, na fomu nikaiacha juu ya meza yake. Sahihi zile sikuzitaka. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, wa vizimba, na mbwa wote walisimama wakidhani nimewaletea chakula.

Kigombe nilifika mchana. Bi Sabiha alikuwa uani palepale, na Kashata alikuwa palepale juu ya mkaa, anajikuna shingo kwa mguu wa nyuma. Nilipiga goti, nikaamkia, nikamwambia yote kabla hajanikaribisha kiti, maana kama ningekaa nisingeweza. Nilimwambia na sahihi. Nilimwambia kwamba kwenye karatasi za mjini, mimi nilikuja hapa mwezi wa tatu nikampa majibu.

Aliondoa karai motoni.

"Mwezi wa tatu nilikuona hapa?"

"Hukuniona, bibi."

"Nikapokea majibu?"

"Hukupokea."

"Basi na mie nimetiwa kwenye uongo huo, wala sikualikwa." Aligeukia mlango. "Samiha! Njoo usome."

Samiha alitoka akishika kizingiti. Nilijua amekonda, nilishaambiwa, lakini kuambiwa si kuona. Alimaliza kidato cha nne, Kiingereza anakisoma. Aliikunjua karatasi, akaisoma taratibu mpaka chini, akarudi juu kabisa, akabaki hapo.

"Februari," alisema.

Alipitisha kidole juu ya tarehe.

"Februari Idarusi alikuwa bado ananipigia kila jioni." Alinitazama. "Nilikuonyesha wewe peke yako, Ruthi. Hata mama nilimficha. Nilikuonyesha wewe."

"Nilimwambia Bertha."

"Sikumwonyesha Bertha."

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Nilikuwa nimekuja na Bertha kifuani kama jiwe, nikidhani mimi ndiye niliyesalitiwa, na nilikuwa hivyo kweli. Lakini mbele ya Samiha sikuweza kulitoa jiwe hilo nikamwonyesha. Yeye alikuwa na lake, na lilikuwa na jina langu.

Bi Sabiha alimtazama Kashata. "Na huyu mchawi wangu? Tumtupe?"

"Hapana, bibi. Yeye haumwi. Viroboto ndio wa kuua, kuna dawa ya kumtia shingoni. Matandiko yake yachemshwe. Akimkwaruza mtu, paoshwe kwa sabuni palepale."

"Haya yote ulikuwa unayajua?"

"Nilikuwa nayasikia wakisema."

"Mngetuambia hata hayo, siku ile ya kwanza," alisema. "Hayakuhitaji damu ya mtu." Aliingia ndani, nikadhani anafuata khanga. Alirudi na mkoba wa Samiha na karatasi zake za hospitali. "Khanga yako iko sandukuni, mende hawajaigusa, nilikuwa nakutania tu. Lakini leo sikupi. Umeleta majibu ya paka. Mie sasa nangoja ya mwanangu. Mpeleke."

Tulikwenda asubuhi iliyofuata. Usiku huo nililala kwao, kwenye mkeka, na Samiha hakunisemesha, ila alinisogezea mto.

Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke, mtulivu. Aliisoma karatasi mara mbili. Aliuliza kuhusu paka, kuhusu viroboto, kuhusu kukwaruzwa, ni mkono upi, ni lini, uvimbe ulitokea siku ngapi baadaye. Samiha alijibu. Pale aliposahau siku, niliijua mimi, kwa sababu ilikuwa Ijumaa ya damu ya tatu.

"Hii ni ya paka, haithibitishi kwamba na wewe unao," daktari alisema. "Lakini inatosha kututuma tukatafute. Nachukua damu upya, na za kifua kikuu usiziache mpaka nikwambie." Aligeuza karatasi akaitazama tarehe. "Ingetusaidia sana mngeileta mapema."

Samiha angeweza kunionyesha kwa kidole, hakunionyesha.

Wakati anachomwa nilisimama karibu naye. Muuguzi alipangusa ngozi mara tatu. Vichupa vilikuwa viwili, na nilijikuta natazama vifuniko.

Dirishani kwa karani palikuwa na fomu ya msindikizaji. Alinisukumia pamoja na kalamu. "Sahihi hapo chini, dada."

Niliivuta fomu karibu. Niliisoma yote, kuanzia juu, na kidole chini ya maneno. Watu wawili walijipanga nyuma yangu, mmoja akaguna. Karani akasema, "Dada, ni jina na sahihi tu." Nikaendelea mpaka nukta ya mwisho. Fomu ilisema mimi ndiye nitakayeitwa majibu yakitoka, na kwamba nitamfikishia mgonjwa.

Nikashika kalamu, na mkono wenyewe ukaanza kuitafuta ile R.

Niliiweka kalamu chini.

"Una wino wa dole gumba?" nilimuuliza.

"Huwezi kuandika? Si umesoma sasa hivi?"

"Naweza."

Alinitazama, akavuta droo, akatoa kidau. Jina langu niliandika lote, herufi kwa herufi, jinsi nilivyokuwa naandika zamani. Chini yake nikabonyeza dole. Lilitoka vizuri, mistari yake yote ikaonekana, na mmojawapo ulikatwa na kovu la jino la paka fulani wa Muheza.

Samiha alikuwa ananingoja kwenye benchi, anabana pamba mkononi. Nilitafuta pa kufutia wino, nikaufutia kwenye gauni langu, kwa sababu khanga sikuwa nayo.